Tundu Lililokwisha Kutangazwa

Wajukuu, mmefika mwalo wa Kibirizi siku za mbalamwezi? Taa za wavuvi hazishuki ziwani, maana dagaa huvutwa kwa mwanga, na mwezi ukijaa taa haifui dafu. Mitumbwi hupandishwa mchangani. Fundi huinama, akachokonoa maungio ya mbao kwa ncha ya patasi, na akikuta pamba imeoza huing'oa, akasokota nyingine kwa vidole, akaigongomeza mpaka ikaze. Hiyo ndiyo kalafati, na hutiwa mtumbwi ukiwa bado mzima.

Kompyuta zinazotunza tovuti, yaani seva, nazo hutiwa kalafati. Seva moja hubeba tovuti za watu wengi, kama boti ya Kibirizi inavyobeba mizigo ya wafanyabiashara wengi: duka la vitenge la Ujiji, shule, zahanati. Maji yakiingia, hayachagui mzigo wa kulowesha. Chini ya zote kuna mfumo endeshi, ulioandikwa na binadamu kwa mamilioni ya mistari, na binadamu hukosea. Mfumo mmojawapo, Linux, huendesha seva nyingi mno duniani, lakini mwaka 2016 lilifichuliwa ndani yake tundu lililoitwa Dirty COW. Lilikuwamo tangu 2007! Mtumiaji mwenye ruhusa ndogo aliweza kulipitia akawa bwana wa seva nzima.

Tundu likijulikana, mafundi hutoa kiraka. Hapa tegeni sikio: kiraka kikitangazwa, tundu nalo limetangazwa, na wadukuzi husoma tangazo lile lile. Tarehe 14 Machi 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vikapita kwenye tundu hilo hilo, vikafika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Huniuma kila nikikumbuka: dawa ilikuwapo karibu miezi miwili, na kompyuta nyingi mno hazikuwa zimepewa.

Lipo kosa jingine, la kimyakimya. Mtunza seva anapakua kiraka, anaona kimeingia salama, anakwenda kulala. Kumbe kiini cha mfumo kinachofanya kazi ni kile kile cha jana, na kwa kawaida kitaendelea hivyo hadi seva izimwe na kuwashwa upya. Pamba mpya iko kwenye kikapu, mtumbwi uko majini.

Mtunza seva makini hukijaribu kiraka kwanza kwenye seva ya pembeni na kuweka nakala ya kila kitu. Kisha husubiri saa nane usiku, wanunuzi wa vitenge wakiwa wamelala, akaiwasha seva upya. Kwa dakika chache duka la Ujiji halifunguki. Likirudi, anaandika amri fupi, uname -r, na seva inamtajia toleo la kiini linalofanya kazi. Anailinganisha namba ile na ya kwenye tangazo, tarakimu kwa tarakimu, ndipo anapozima taa ya chumba.