Maziwa ya Kambini na Cheti cha Mfugaji

Askari aliyewahi kupokea maziwa langoni mwa kambi anaijua kazi ile. Mtungi hufunguliwa, maziwa yakanuswa, laktometa ikatumbukizwa. Na kama ofisa ugavi ni mtu makini, maziwa kidogo huchanganywa na spiriti ili ionekane kama yataganda. Vipimo hivyo vina maana yake. Laktometa hufichua maji yaliyoongezwa, kwa kuwa maziwa halisi ya ng'ombe ni mazito kuliko maji, na uzito wake hauendi mbali na 1.030 pale uzito wa maji unapokuwa 1.000. Spiriti nayo hufichua maziwa yaliyoanza kuchacha. Lakini hapana hata kimoja kati ya vipimo hivyo kiwezacho kueleza kama ng'ombe aliyekamuliwa alitupa mimba mwezi uliopita, au kama alidungwa sindano ya antibiotiki juzi.

Hapo ndipo ilipo maana ya vyeti vya hiari vya ubora wa maziwa na matunzo ya mifugo, yaani ule utaratibu ambao mfugaji, bila ya kulazimishwa na sheria, hukubali zizi lake likaguliwe na daftari lake lisomwe na mtu mwingine. Cheti cha namna hiyo hakiyashuhudii maziwa yaliyomo mtungini leo asubuhi. Kinashuhudia mwenendo wa zizi kwa mwaka mzima.

Jeshi lina sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili, kwa maana somo lake la kwanza lilipatikana jeshini. Katika kisiwa cha Malta, kwenye bahari ya Mediterania, askari na mabaharia wa Kiingereza waliteswa kwa miaka mingi na homa iliyopanda na kushuka, ikifuatana na jasho jingi la usiku na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, ndiye yule yule aliyefika Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale, alitangaza kuwa amevitambua vijidudu vya homa hiyo. Hata hivyo, njia iliyotumiwa na vijidudu hivyo kumwingia askari haikujulikana kwa muda wa miaka kumi na minane. Wengine walishuku hewa mbaya, wengine mifereji ya maji machafu.

Ajabu ni kwamba maziwa hayakushukiwa, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Mbuzi wa Malta walikuwa wakiswagwa mlango kwa mlango na kukamuliwa pale pale mbele ya mnunuzi. Hakuna aliyeweza kutia maji. Maziwa yalikuwa mapya, yenye joto la mwili wa mnyama, na mnyama mwenyewe alionekana mnene na mwenye afya. Mnunuzi gani angetaka uthibitisho zaidi ya huo? Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi hao akagundua kuwa karibu nusu yao walikuwa wameambukizwa, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu ndani ya maziwa. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yaliondolewa katika posho ya askari na mabaharia. Wagonjwa, waliokuwa wakihesabiwa kwa mamia kila mwaka, walikuwa wachache mno kufikia mwaka 1907. Raia wa kisiwa kile, ambao hawakuhusika na amri hiyo, waliendelea kunywa na wakaendelea kuugua.

Ugonjwa huo ndio uitwao sasa bruselosi, kwa jina la daktari Bruce, na katika ng'ombe hujulikana zaidi kama ugonjwa wa kutupa mimba. Upo Uganda. Askari anayeupata akiwa doria, baada ya kukaribishwa kibuyu cha maziwa mabichi, hudhaniwa mara nyingi kuwa na malaria, hupewa dawa ya malaria, hupata nafuu kidogo, kisha homa humrudia. Tiba yake ya kweli huchukua wiki sita au zaidi.

Sasa tazama yanayotakiwa zizini ili maziwa yawe na sifa. Ng'ombe aliyetupa mimba hutengwa, damu yake hupimwa, na maziwa yake hayachanganywi na ya wenzake. Mimba iliyotupwa huzikwa, wala haishikwi kwa mikono mitupu. Kabla ya kukamua, kiwele huoshwa na kukaushwa, na michirizi ya kwanza hukamuliwa katika kikombe cheusi ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele yaonekane. Ng'ombe aliyepewa antibiotiki hukamuliwa, lakini maziwa yake hayauzwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mabaki ya dawa hayaonekani, hayanuki, na kuchemsha hakuyaondoi inavyotakiwa. Hapo uaminifu wa mfugaji na daftari lake ndio kinga ya mnywaji.

Matunzo ya mnyama si jambo la huruma peke yake, ingawa huruma nayo haina ubaya. Maziwa, kwa sehemu kubwa, ni maji, karibu asilimia 87. Ng'ombe anayeshinda na kiu mchana kutwa hawezi kutoa kile asichokunywa. Ng'ombe anayepigwa wakati wa kukamuliwa huyazuia maziwa, na yale yanayobaki kiweleni hulisha vijidudu. Mwenye kupe wengi hushikwa na ndigana, na mwenye ndigana hudungwa sindano; na hapo mnywaji anarudi kwenye suala lile lile la dawa.

Nchini Marekani chama kikuu cha wazalishaji wa maziwa kilianzisha mpango wa namna hii mwaka 2009. Kwa maandishi ni wa hiari. Kwa vitendo, vyama vya ushirika na viwanda vilikataa kununua kwa asiyejiunga, na karibu maziwa yote ya nchi hiyo yakaingia humo. Hiari hiyo inafanana na ile ya askari anayeombwa kujitolea mbele ya gwaride zima. Kenya ilipita njia nyingine. Wachuuzi wadogo wa maziwa mabichi walizoea kufukuzwa na kunyang'anywa mitungi, mpaka mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ilipoanza kuwakubali, ikawafundisha na kuwapa leseni. Ilikuwa imefahamika kwamba mchuuzi anayefukuzwa haachi biashara yake. Huipeleka vichochoroni, ambako hakuna anayeyapima maziwa.

Katika Uganda, Sheria ya Sekta ya Maziwa ya mwaka 1998 iliweka msingi wa kusimamia wauzaji na wasindikaji. Lakini sheria hiyo ikifika Lobule, wilayani Koboko, inamkuta mtu mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa kienyeji, wanaotoa lita chache tu kwa siku. Wengine ni wenyeji. Wengine ni wakimbizi wa Kongo, ambao makazi yao yalifunguliwa hapo mwaka 2013, na mara nyingi hao na wenyeji wao husemezana kwa Kikakwa kile kile. Mfugaji wa namna hiyo hawezi kumlipa mkaguzi kutoka mbali. Cheti kinachomfaa ni cha kikundi: kaya kadhaa zinazokubaliana masharti, daftari moja la chanjo, dawa na mimba zilizotupwa, na bwana mifugo anayepita kulisoma na kutia sahihi.

Hapo askari polisi wa barabara ya Arua na Koboko ana wajibu unaohitaji akili ya kupambanua. Kumtesa mnyama ni kosa la jinai Uganda, kwa sheria iliyopo tangu mwaka 1957. Kusafirisha ng'ombe bila kibali ni kosa pia, na katika wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini kosa hilo si dogo, kwa kuwa magonjwa hayasimami mpakani. Lakini kukosa cheti cha hiari si kosa. Mama anayebeba lita tano kwenda sokoni hapaswi kudaiwa karatasi ambayo hakuna sheria inayomtaka awe nayo, sembuse kudaiwa fedha badala yake. Cheti kikianza kuulizwa kizuizini, kitanunuliwa kama vinunuliwavyo vitu vingine vinavyoulizwa kizuizini, na hapo hakitamwambia ofisa ugavi lolote juu ya zizi kilikotoka.

Ofisa ugavi naye ana sehemu yake. Mfugaji aliyemtibu ng'ombe na kuyazuia maziwa yake kwa siku nne amepoteza kipato cha siku nne. Akija kambini akasema, "Leo nina nusu tu, yule mwingine yuko kwenye dawa," maneno hayo ni ya thamani kuliko laktometa. Kambi ikimfuta kwenye orodha kwa kupunguza mzigo, mwezi ujao jirani yake ataleta mtungi uliojaa na hatasema kitu. Ikimlinda mahali pake na kumwongezea bei kidogo kwa kila lita, daftari lile litaandikwa kweli.

Maziwa yenyewe, yawe na cheti au yasiwe nacho, yakishapokelewa jikoni huchemshwa mpaka yatokote kabla ya chai ya asubuhi kugawanywa.