GARI LA MAKERERE NA MANENO YA WATU

Kitu kipya hakikosi maneno, na kusema ni haki ya watu. Lakini yako maneno yajengayo na yako maneno yabomoayo, na mara nyingi hutoka katika kinywa kimoja siku moja. Mfano wa jambo hili tunao karibu, kwa jirani zetu wa Uganda. Yafaa wafanyakazi wa nchi hii wautazame vizuri, kwa kuwa yaliyowapata wenzetu ndiyo yatakayotupata sisi kila tutakapojaribu kuunda kitu kwa mikono yetu.

Tarehe 1 Novemba, 2011, katika kilima cha Makerere mjini Kampala, gari dogo la kijani lenye viti viwili liliondoka bila ya moshi na bila ya mngurumo. Lilikuwa gari la umeme, lililobuniwa na kuundwa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Jina lake lilikuwa Kiira EV. Na Kiira ni jina ambalo wenyeji huuita mto Naili. Betri yake ikijazwa umeme, gari liliweza kwenda kama kilomita 80. Mwezi ule ule Rais Museveni alilizindua mbele ya watu.

Gari lile halikuzuka ghafula. Mwaka 2008 vijana wa Makerere walikuwa wamekwisha shiriki pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi nyingine katika kuunda gari lililoitwa Vision 200, ambalo lilionyeshwa mjini Turin, Italia. Baada ya kazi ile, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, waliazimia kuunda gari lao wenyewe nyumbani. Ikawachukua muda wa miaka mitatu hivi.

Basi watu walisemaje? Tukiyapanga maneno yao, twaona makundi matatu: waliofurahi, waliocheka, na waliouliza. Kila kundi lilikuwa na sehemu ya kweli, na kila kundi lilikuwa na kosa lake.

WALIOFURAHI

Kwa miaka mingi Mwafrika amezoea kuliona gari kama kitu kishukacho melini. Likiwa jipya, ni la tajiri au la Serikali. Likiwa kuukuu, limekwisha choka katika barabara za Japani, ndilo la mwananchi. Yeye kazi yake imekuwa kulinunua, kuliendesha, kuliosha, na kulitengeneza likiharibika. Hata pale fundi wa gereji alipojua kila nati iliyomo ndani yake, hakuna aliyemwambia kwamba angeweza pia kuliunda. Ndiyo sababu wengi waliposikia kwamba vijana wa Kampala wameunda gari, walijiona wao wenyewe wamesimama wima zaidi. Waliofurahi hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepata jibu la tusi la siku nyingi.

Lakini furaha ina hatari yake, na wahenga walikwisha tuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gari moja lililoundwa chuoni si kiwanda. Ni sawa na mche mmoja uliochipua katika kitalu. Bado shamba halijalimwa.

Twao ushahidi katika Afrika Mashariki yetu. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa baya wa sura na zito wa mwendo. Waliitikia, na mwaka 1990 magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalikuwa tayari. Palikuwa na sherehe na makofi. Walakini fedha za kuanzisha kiwanda hazikupatikana, na hakuna mwananchi wa Kenya aliyepata kulinunua gari hilo. Hapa kwetu Tanzania nako, shirika la Nyumbu lililoko Kibaha, chini ya Jeshi la Wananchi, liliunda malori katika miaka ya 1980. Mafundi wake walionyesha kwamba kazi hiyo yawezekana. Lakini malori ya Nyumbu hayakufika kutolewa kwa wingi wa kuyaondoa malori ya kigeni barabarani.

Makosa hayo si ya mafundi. Fundi alimaliza sehemu yake. Waliobaki nyuma ni wale waliopiga makofi wakaenda zao nyumbani, wala hawakurudi mwaka wa pili kuuliza, “Je, limefikia wapi?”

WALIOCHEKA

Kundi la pili ni la wale waliocheka. Walilicheka umbo la gari, wakacheka udogo wake, kisha wakasema ati betri imetoka ng’ambo na mota imetoka ng’ambo, basi kilicho cha Uganda ni rangi tu.

Ni kweli kwamba betri na mota zilinunuliwa nje. Lakini hakuna kiwanda cha magari duniani kiundacho kila kitu kwa mikono yake. Matairi hutoka huku, vioo kule, na vyombo vya umeme kwingine. Ufundi wa kuunda gari ni kujua vitu hivyo vikutane vipi, vibebwe na chuma cha namna gani, vitiiane kwa utaratibu gani, na mtu aliye ndani afike salama. Katika gari la Kiira, wazo lilikuwa la Makerere, na fremu na bodi viliundwa nyumbani. Asemaye kwamba hiyo ni rangi tu hajapata kuviunganisha vitu vilivyotoka nchi tatu akaviona vikimtii.

Kicheko hiki kina asili yake, nayo yafaa isemwe. Tulilelewa katika shule, za misheni na za Serikali ya kikoloni, zilizotaka makarani, wakalimani na walimu. Mtoto aliyefaulu alipewa kalamu. Aliyeshindwa alipewa nyundo. Hivyo tukajifunza kuiheshimu kazi isiyochafua mikono, na kuidharau kazi iichafuayo. Mtu akitujia na kitu alichokiunda mwenyewe, jambo la kwanza tulitafutalo ni kasoro. Lakini kikitoka ng’ambo, jambo la kwanza tulitafutalo ni bei.

Ajabu ni kwamba Makerere yenyewe, ambayo wengi waiona kuwa ni kilima cha watu wa vitabu, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umekanika. Baadaye vitabu vilikuja vikawa vingi, na viongozi wakubwa wakatoka huko, Mwalimu Nyerere akiwa mmojawao katika miaka ya 1940. Basi vijana wa mwaka 2011 waliporudi kwenye spana na nyundo, hawakuwa wakiiacha heshima ya chuo chao. Walikuwa wakirudi katika msingi wake.

WALIOULIZA

Kundi la tatu ndilo lenye uzito. Hawa hawakucheka, wala hawakupiga makofi. Waliuliza: gari hili ni la nani?

Hapana budi tuukumbuke mwaka wenyewe. Katika mwezi wa Aprili, 2011, watu wa Kampala walitoka kwenda kazini kwa miguu ili kulalamikia bei za petroli na chakula, na polisi wakawatawanya. Kufikia Oktoba bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa asilimia 30 kuliko mwaka uliotangulia. Umeme nao ulikuwa wa kukatika mara kwa mara, hata washonaji na wasaga nafaka wakakaa bure mchana kutwa. Katika hali hiyo, mtu aliambiwa kwamba limeundwa gari la umeme. Je, ni dhambi akiuliza ni umeme upi? Je, ni uadui akisema kwamba hospitali ingepewa dawa kwanza?

Swali la mwenye njaa halijibiwi kwa nyimbo. Lakini lina majibu, nayo yapo mawili.

La kwanza ni hili. Uganda haina bandari ya bahari. Petroli yake nyingi hupita Mombasa na kusafiri siku nyingi barabarani. Mwezi wa Januari, 2008, fujo za uchaguzi zilipoifunga njia hiyo nchini Kenya, petroli ya Kampala iliadimika na bei yake ikaruka, ingawa Waganda hawakuwa na hatia yoyote katika ugomvi ule. Umeme wao, kinyume chake, watoka katika mto upitao nchini mwao. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Bwawa la Bujagali, lenye nguvu ya megawati 250, likafunguliwa mwaka 2012. Na Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa mwaka 2024. Basi lile gari lililochekwa kwa sababu umeme haukuwapo lilikuwa limetazama mbele kuliko walioicheka safari yake. Mtu aliyetembea kwa miguu mwezi wa Aprili kwa ajili ya bei ya petroli, mwezi wa Novemba alionyeshwa njia ya kutoitegemea petroli.

Jibu la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu katika hili mwulizaji alikuwa na haki kamili. Gari la viti viwili huwachukua watu wawili. Mfanyakazi wa Nakawa au Katwe hanunui gari. Yeye hupanda teksi ya watu kumi na wanne, au bodaboda, au hutembea. Kumwundia gari la watu wawili ni kumwonyesha sahani ya pilau kupitia dirishani.

Na hapa ndipo wenzetu walipofanya jambo la kusifiwa. Iwe ni kwa ajili ya maneno ya watu, au kwa hesabu zao wenyewe, hawakung’ang’ania gari la watu wawili. Mwaka 2014 walionyesha gari la watu watano litumialo umeme na petroli pamoja. Mwezi wa Februari, 2016, wakalitoa basi la viti 35 liitwalo Kayoola, lenye vibamba juu ya paa vya kuvuna nguvu ya jua. Baada ya hapo, kwa kushirikiana na kampuni ya Kichina katika ufundi, na kiwanda cha jeshi la Uganda kilichoko Nakasongola katika uundaji, wakatoa basi kubwa la umeme liwezalo kuchukua watu 90, wakiwamo waliokaa na waliosimama, na kwenda kama kilomita 300 kabla ya kujazwa tena. Shirika la Kiira Motors likaundwa, Serikali ikiwa na sehemu kubwa na Makerere sehemu ndogo. Huko Jinja, karibu na Naili ile ile, likapewa ekari 100, na tangu mwaka 2019 jeshi likawa likijenga kiwanda kilichopangwa kuanza na uwezo wa kutoa magari 5,000 kwa mwaka.

Kutoka viti viwili hadi watu 90: hiyo ndiyo njia ya kuwajibu wananchi. Gari liliwafuata watu walipo, halikuwataka watu walifuate gari.

HESABU IMEBAKI

Walakini tusije nasi tukawa wapiga makofi. Lile gari dogo la kijani halikufika sokoni hata leo. Hadi kufikia mwaka 2024 mabasi yaliyotolewa yalihesabiwa kwa makumi, si kwa maelfu. Fedha ni za umma, na mwananchi wa Uganda ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi, na ajibiwe bila ya kuambiwa kwamba hapendi nchi yake. Mpenda nchi ndiye aulizaye. Asiyejali hununua lake la Japani akanyamaza.

Vile vile tusidanganyane kwamba kitu ni chema kwa sababu tu kimeundwa na ndugu yetu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi la umeme likisimama mlimani na abiria ndani, abiria hao hawatalipenda kwa ajili ya bendera iliyochorwa ubavuni. Heshima ya fundi ni kuambiwa kweli juu ya kazi yake, ili kesho aunde iliyo bora.

Lakini wahenga hao hao walisema mcheza kwao hutunzwa, na neno hilo laihusu Serikali kwanza. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa magari katika kila nchi ya Afrika. Kiongozi azinduaye basi la nyumbani asubuhi, kisha jioni akatia sahihi ya kununua magari ya kigeni kwa ofisi yake, ameyafuta maneno yake kwa mkono wake mwenyewe. Mnunuzi wa kwanza wa gari la nyumbani hapaswi kuwa maskini. Yapasa awe yule aliyeikata utepe.

Ndugu msomaji, siku itafika nasi tutaonyeshwa mashine iliyoundwa hapa nchini, pengine trekta, pengine basi, pengine pampu ya maji tu. Siku hiyo pigeni makofi, kwa kuwa fundi anastahili. Kisha ulizeni maneno matatu: Itamfaa nani? Itatolewa ngapi, na lini? Na nani amekwisha kuilipia? Mwaka wa pili rudini mkaulize tena. Mataifa yenye viwanda hayakupewa viwanda hivyo na watu waliocheka, wala na watu walioshangilia siku moja. Yalipewa na watu waliorudi kazini asubuhi baada ya sherehe.