Elimu ya Kukabili Moto (3): Aliyeshika Nozeli

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza pampu na mpira wenyewe. Leo tumefika kwenye ncha, kwa askari aliyeshika nozeli. Ndiye anayeamua kama maji yaliyoletwa kwa gari yatauzima moto au yataishia kulowesha sakafu.

Watazamaji wengi huamini kwamba wingi wa maji ndio dawa. Hesabu inasema vingine. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 ikichemka hadi 100 hunyonya kilojuli 335 hivi za joto. Lita hiyohiyo ikigeuka kuwa mvuke hunyonya nyingine 2,257, karibu mara saba ya zile za mwanzo. Maji yanayotiririka mlangoni yakiwa bado maji yameondoka na sehemu kubwa ya kazi yake haijafanyika. Ndiyo sababu nozeli nyingi za siku hizi huzungushwa shingo: upande mmoja maji hutoka yamenyooka na kufika mbali, upande wa pili hutawanyika kuwa matone madogo ambayo hugeuka mvuke upesi.

Mvuke huo, hata hivyo, huunguza watu. Lita moja ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke. Lloyd Layman, mkuu wa zimamoto wa Parkersburg huko West Virginia, aliifahamu nguvu hiyo alipofundisha uzimaji wa moto wa melini katika kikosi cha Walinzi wa Pwani wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1950 aliwaeleza wazimamoto wenzake jinsi matone madogo yanavyoweza kuzima moto wa chumba kilichofungwa. Sharti lilikuwa moja: chumbani asiwemo mtu, na maji yapigwe kutoka nje. Anayeingia ndani kisha akafungua mnyunyizo mpana ataungua kwa mvuke alioutengeneza mwenyewe, pamoja na majeruhi aliyekuja kumwokoa.

Ndani ya nyumba askari huinama au hupiga magoti, kwa kuwa joto kali hukaa juu. Moshi uliotanda darini una gesi ambazo bado hazijaungua. Zikipata joto la kutosha, chumba kizima huwaka kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo huupoza kwanza kwa minyunyizo mifupi, anafungua na kufunga, huku akisoma unavyobadilika. Kisha hunyoosha maji kwenye shina la moto, yaani godoro, mbao au gunia linaloungua. Kupiga ndimi za moto angani ni kupoteza maji.

Sasa tuje kwenye mwili wa mshikaji. Nozeli inayotoa lita 475 kwa dakika kwa presha ya bar 7 humsukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30, bila kupumzika. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Wa mbele hutanguliza mguu mmoja, huegemea mbele na kuubana mpira ubavuni. Wa nyuma husimama upande uleule wa mpira, huubeba na kuhakikisha haupindi mgongoni mwa mwenzake. Koki hufunguliwa polepole na kufungwa polepole. Ukiifunga ghafla, maji yaliyokuwa yakikimbia hujigonga na kurudi kwa kishindo, na mpira unaweza kupasuka au kuchomoka kwenye kiungo. Nozeli ikikuponyoka, usiifukuze. Ni chuma kinachojipiga huku na huku na kinaweza kuvunja fuvu. Jitenge, mwendesha pampu akate maji.

Kuna jambo ambalo husahaulika ghorofani. Kila lita ni kilo moja. Nozeli hiyohiyo ikifanya kazi dakika 10, sakafu imeongezewa karibu tani 5 kama maji hayana pa kutokea. Jengo lililokwisha kudhoofishwa na moto halihitaji mzigo huo.

Na mpira ule mwembamba uliokunjwa kwenye gurudumu ukutani, katika maofisi na mabwenini? Huo umewekwa kwa ajili yako, mlinzi au mwalimu wa zamu, kwa moto unaoanza tu. Fungua koki ya ukutani kwanza, ndipo uvute mpira. Ukivuta kwanza utafika kwenye moto ukiwa na mpira mtupu. Mlango wa kutokea uwe nyuma yako muda wote. Zima swichi kuu ya umeme kabla ya kupiga maji, maana maji yaliyonyooka huweza kuupitisha umeme hadi mikononi mwako. Mafuta ya kupikia yanayowaka usiyaguse kwa maji kabisa: maji huzama chini yake, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Moshi ukishuka usawa wa kichwa, achia mpira, toka na ufunge mlango.

Msomaji, nenda kesho ukautazame mpira wa jengo lako. Hakikisha kabati halijafungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani uliko, koki inageuka, na maji yanafika kwenye nozeli. Tanzania Bara, namba ya kuita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114; ibandike hapohapo. Juma lijalo: povu na moto wa mafuta.