Rangi inayofichua homoni ya moyo

KWA miaka mingi moyo ulihesabiwa kuwa pampu tu ya kusukuma damu. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950 wataalamu waliotumia hadubini ya elektroni walikuwa wakiona vijichembe vyeusi ndani ya seli za vyumba vyake vya juu, bila kujua kazi yake.

Jibu lilianza kupatikana nchini Kanada mwaka 1981. Adolfo de Bold na wenzake walisaga nyama ya vyumba hivyo kutoka katika mioyo ya panya, wakawadunga panya wengine majimaji yake. Panya hao walikojoa kwa wingi, na mkojo wao ukatoka na chumvi nyingi. Ilikuja kubainika kwamba moyo unapotanuka kwa kujaa damu hutoa peptidi, yaani protini fupi, inayoiamuru figo kuondoa chumvi na maji. Peptidi hiyo, iitwayo ANP, ina asidi amino 28 kwa binadamu.

Kuthibitisha mahali inapokaa kulihitaji kingamwili, kwa njia iliyoasisiwa na Albert Coons wa Marekani mwaka 1941. Peptidi ni ndogo mno kuushtua mwili wa sungura, hivyo hufungwa kwanza kwenye protini kubwa ndipo adungwe. Kingamwili anazotengeneza hukusanywa katika damu yake. Kipande cha moyo huhifadhiwa kwa formalini, hugandishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba vya elfu chache za milimita. Kingamwili hudondoshwa juu yake, kisha nyingine inayoinasa ile ya kwanza ikiwa imebeba kimeng'enya. Penye peptidi hutokea rangi ya kahawia. Katika vijichembe vile vya zamani, ilitokea.

Rangi hiyo lakini huweza kudanganya. Mtaalamu makini huichanganya kwanza kingamwili na peptidi halisi. Rangi isipotoweka, matokeo hayafai. Hata ikitoweka, bado yawezekana kingamwili imeshika peptidi nyingine ya ukoo huo huo.

Kosa hapa si dogo. Wapo wagonjwa ambao protini zilizopotoka umbo hurundikana moyoni na kuukakamaza, hali iitwayo amiloidi. Rangi nyekundu ya Kongo huonyesha kwamba rundo lipo, haisemi ni la protini gani. Kwa baadhi ya wazee ni ANP yenyewe, iliyobaki katika vyumba vya juu. Kwa wengine ni vipande vya kingamwili kutoka uboho wa mifupa, na hao huhitaji haraka dawa za aina ya zile za saratani. Wengine wana protini itokayo kwenye ini, ambao dawa hizo zingewaumiza bure.

Kwa kuwa marundo hayo hunyonya pia protini za damu na kuvuruga rangi, hospitali kubwa zenye uwezo sasa hutumia mashine inayopima uzito wa vipande vya protini ili kutambua aina.