Kamera ya Filamu na Istilahi ya "Kugeuza"

Miongoni mwa maneno yatumiwayo kiholela katika uwanja wa upigaji picha ni "kugeuza iwe ya dijitali". Tuchukue mfano wa mzee wa Suji, katika Milima ya Upare, mwenye kamera kuukuu na kasha la negativu za arusi na ubatizo. Akiteremka Makanya na kuuliza kama vitu vyake vyaweza "kugeuzwa", atajibiwa lipi? Neno hilo limebebeshwa kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Kazi ya kwanza ni ya kamera yenyewe. Mahali pa filamu, penye dirisha la milimita 24 kwa 36, huwekwa kihisi, yaani kifaa kipokeacho mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Kihisi hakina budi kukaa pale pale ilipokaa filamu, la sivyo picha hufifia. Tena huhitaji betri, mahali pa kuhifadhi picha, na njia ya kujua kilango cha kamera kinafunguka lini. Kodak walipotumia kiwiliwili cha Nikon F3 mwaka 1991, mpiga picha alilazimika kuning'iniza begani sanduku la kuhifadhia picha. Zile Hasselblad ambazo mgongo wake huondolewa zina nafuu: hupachikwa mgongo mwingine, basi. Kazi hii twapendekeza iitwe "upachikaji wa kihisi".

Kazi ya pili haiigusi kamera ya mzee. Negativu humulikwa kwa nyuma, ikapigwa picha au ikapitishwa katika skana. Huu ndio "udijitishaji", nasi twaonelea neno hilo lisitumiwe kwa kazi ile ya kwanza. Kwa mzee wetu hii ndiyo ya haraka, kwani unyevu wa milimani huotesha kuvu juu ya filamu. Kamera yaweza kungoja.

Limebaki neno "kusafisha". Filamu husafishwa kwa dawa gizani, na hadi leo watu husema wanasafisha picha wanapozichapisha kutoka katika simu. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Ni Kiswahili hai. Lakini mtu akiandika juu ya bahasha ya negativu "zisafishwe", mwingine aweza kuzitia maji na sabuni. Yafaa iandikwe "zidijitishwe". Na vumbi, "lifutwe kwa brashi laini".