Kompyuta inapopima madai ya bima: msafirishaji ajue nini

WASAFIRISHAJI wanaopitisha malori Malaba, Namanga au Tunduma wanajua kwamba ajali yenyewe ni nusu ya hasara. Nusu ya pili ni miezi ya kusubiri fidia, lori likiwa gereji na benki ikidai rejesho lake kila mwezi.

Katika nchi nyingi, kampuni za bima sasa zinatumia uchambuzi wa takwimu wa kubashiri katika vitengo vya madai. Jina ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Kompyuta hupewa madai ya miaka iliyopita, yaliyolipwa na yaliyobainika kuwa ya udanganyifu, kisha hutafuta mambo yanayojirudia: bima iliyokatwa siku chache kabla ya ajali, taarifa iliyochelewa, ajali ya usiku isiyo na shahidi, bei ya matengenezo iliyopita kiasi. Dai jipya hupewa alama. Likipata alama ndogo hulipwa upesi, likipata kubwa hupelekwa kwa mpelelezi.

Faida ipo. Kampuni ya Lemonade ya Marekani ilitangaza kuwa mwishoni mwa 2016 ililipa dai la koti lililoibwa kwa sekunde 3. Koti si kontena la futi 40, lakini hata kwetu madai madogo ya kioo au taa hayana sababu ya kukaa mezani wiki sita.

Tatizo liko kwenye hesabu. Tuseme katika madai 1,000 kuna 50 ya uongo. Kompyuta nzuri inakamata 40 kati ya hayo 50, na inakosea kwa asilimia 10 tu ya madai ya kweli. Asilimia 10 ya 950 ni 95. Kwa hiyo madai 135 yatatiwa shaka, na 95 kati yake ni ya watu waaminifu! Ndiyo maana alama kubwa inaweza kuwa sababu ya kuuliza maswali, lakini haiwezi kuwa ushahidi wa kumnyima mtu fidia.

Kwa anayevuka mipaka hatari huongezeka. Kwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, dai la mtu wa tatu hushughulikiwa na ofisi ya nchi ilikotokea ajali, kisha gharama hudaiwa nchi iliyotoa kadi. (Wengine bado wanadhani kadi hiyo inalipia shehena. Hailipii.) Lori lako na mzigo wako hubaki kwa bima yako ya nyumbani, na hapo ripoti ya polisi wa ugenini hufika imechelewa, kwa fomu tofauti na fedha tofauti. Kompyuta iliyofundishwa kwa ajali za ndani ya nchi inaweza kuona ucheleweshaji huo kama dalili ya hila.

Sheria imelitazama jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Uganda ina kifungu cha namna hiyo katika sheria yake ya 2019, na Tanzania katika sheria ya 2022.

Hivyo dai lako likikwama, uliza kwa maandishi kama limepimwa na kompyuta, na uombe lisomwe na mkadiria hasara. Kabla ya hapo, hakikisha dereva anapiga simu kwa kampuni ya bima siku ileile ya ajali, hata kama hana karatasi yoyote mkononi, na anapiga picha za lori, namba za usajili na lakiri ya kontena kabla halijaguswa. Rekodi za kifaa cha kufuatilia lori zihifadhiwe pia, kwani zinaonyesha saa na mahali. Namba ya simu ya kitengo cha madai iwe ndani ya kebini, si kwenye faili ofisini.