PIKIPIKI NA KONA: JUA MPAKA WAKO KABLA BARABARA HAIJAKUONYESHA

Na Daktari Wetu

WAHENGA walisema ajali haina kinga. Kwa heshima zote, ndugu msomaji, wiki hii naomba kutofautiana na wahenga. Ajali nyingi za pikipiki zina kinga, na kinga hiyo haiuzwi katika duka la dawa. Imo kichwani mwa mwendeshaji, katika uamuzi anaoufanya mita hamsini kabla ya kufika penye kona.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaishi mjini, lakini nyumbani ni mashambani. Mwisho wa wiki unapofika, au msiba unapotokea, mwendo wa mwisho kutoka kituo cha basi hadi bomani ni wa pikipiki. Wengine siku hizi hawasubiri basi. Wananunua pikipiki zao na kuteremka nazo kutoka Nairobi. Tangu 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo za chini ya sisi 250, chombo hiki kimeingia kila kijiji. Kimewapa vijana kazi na kimewafikisha akina mama wajawazito zahanati. Pia kimejaza wodi zetu za mifupa.

LAMI HAIKUONDOA KONA

Chukua mfano wa Kibwezi, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, kati ya Makindu na Mtito Andei. Mtu aliyetoka Nairobi amekaa saa nyingi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kwa sehemu kubwa barabara hiyo imenyooka, na hatari yake ni malori na upepo wa trela linalokupita. Macho yake yamezoea mwendo. Kilomita 80 kwa saa anaziona kama 40. Kisha anakata kushoto kufuata barabara ya Ikutha, Mutomo na Kitui.

Barabara hiyo ilikuwa ya vumbi na mchanga kwa miaka mingi, na mwendeshaji hakuhitaji kuambiwa apunguze mwendo, kwani mashimo yalimwambia. Sasa ni lami, na lami inaalika. Lakini bado inapanda na kushuka kuelekea Mto Athi, ambao unatenganisha Makueni na Kitui, na bado mbuzi na punda wa watu wanavuka pale pale walipovuka zamani. Anayepanda milima ya Kilungu au Mbooni, upande wa juu wa Makueni, anakutana na kona kali zaidi, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde.

KONA HUFANYA NINI

Yafaa tuelewe jambo moja la hesabu. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika kukushikilia ndani ya kona ile ile haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kona uliyoipita kwa raha ukiwa kilomita 30 kwa saa inadai mara nne ya mshiko huo ukiwa kilomita 60. Mshiko wote huo unatoka katika sehemu mbili ndogo za mpira zinazogusa ardhi, kila moja haizidi sana upana wa kiganja chako.

Jambo la pili ni ubongo. Kutoka jicho linapoona mbuzi hadi mkono unapokamata breki, mtu mzima mwenye afya hutumia sekunde moja hadi moja na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, umekwenda mita 17 hadi 25 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Kwa kilomita 80, ni mita 22 hadi 33. Hakuna ujasiri unaofuta hesabu hiyo, hata kwa aliyeendesha miaka ishirini.

Mwaka 1981 huko California, Marekani, mtafiti Harry Hurt na wenzake walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki pale pale zilipotokea. Katika zile ambazo hazikuhusisha chombo kingine, takriban theluthi mbili zilianzia kwa mwendeshaji mwenyewe. Makosa ya kawaida yalikuwa mawili: kukanyaga breki kupita kiasi hadi pikipiki ikateleza, na kuingia kona kwa kasi hadi ikamtoa nje. Nikiwasikiliza vijana wanaoletwa kwangu, nasikia habari hiyo hiyo. "Daktari, kona ilinikataa." La hasha. Kona ilikuwa hapo tangu asubuhi.

MIPAKA MINNE

Mtu akisema "endesha ndani ya uwezo wako" wengi hudhani anatukanwa kuwa hajui kuendesha. Sivyo. Mwendeshaji hodari ana mipaka kama mwanagenzi, tofauti ni kwamba yeye anaijua. Mipaka hiyo ni minne.

Wa kwanza ni macho. Usiende kwa mwendo ambao hutaweza kusimama ndani ya umbali unaouona mbele yako. Kona ikikuonyesha mita 20 tu, basi mwendo wako uwe wa kusimama ndani ya mita 20. Usiku, umbali wako ni mwisho wa mwanga wa taa yako, si mwisho wa barabara unayoikumbuka.

Wa pili ni barabara na tairi. Changarawe iliyomwagwa na magari yanayotoka njia za vumbi, mchanga uliodondoka kwenye lori, dizeli iliyomwagika, na dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi kirefu: hivi vyote hupunguza mshiko. Tairi lililokwisha meno humaliza kazi.

Wa tatu ni mzigo. Pikipiki yenye abiria na gunia la mahindi haisimami kama ilivyosimama ikiwa tupu, wala hailali kwenye kona kwa namna ile ile. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Wengine huona ni usumbufu wa polisi. Sisi madaktari tunaona ni hesabu ya breki.

Wa nne ni mwili wako, na huo nitaurudia.

NAMNA YA KUPITA KONA

Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Ukiutumia kwa breki huku pikipiki imelala, hakibaki cha kukupindisha. Kama ni gia ya chini, iweke kabla hujaingia.

Tumia breki zote mbili. Kuna imani kwamba breki ya mbele humrusha mtu, kwa hiyo wengi hukanyaga ya nyuma peke yake. Kweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo hufanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Kinachoangusha ni kuikamata kwa ghafla, hasa kwenye mchanga. Ibane polepole na kwa kuongeza, kama unayekamua chungwa.

Tazama unakotaka kwenda. Mwili hufuata macho. Ukikodolea shimo, utaliingia. Ukikodolea lori, utalifuata. Geuza kichwa utazame mwisho wa kona.

Baki upande wako. Tunaendesha kushoto, lakini pikipiki inapolala kwenye kona ya kulia, kichwa chako kinaweza kuvuka mstari wa katikati ilhali magurudumu yapo kwako. Acha nafasi. Na usikate kona hata ukiona hakuna gari, kwani usiloliona ndilo hukuua.

Ukishaingia na ukagundua umeingia kwa kasi, usiache usukani ghafla wala usikanyage breki kwa hofu. Endelea kutazama mwisho wa kona, laza pikipiki kidogo zaidi, punguza mafuta taratibu. Mara nyingi pikipiki bado ina uwezo. Aliyekata tamaa ni mwendeshaji.

Na mkiwa kundi, kila mtu aende mwendo wake. Kijana mwenye pikipiki ndogo anayemfukuza mwenzake mwenye kubwa hayumo tena ndani ya mpaka wake. Kukubaliana mkutane Ikutha si aibu.

MWILI UNAPODANGANYA

Jua la Kibwezi hukausha mtu bila yeye kujua, kwa kuwa upepo hukausha jasho. Aliyepungukiwa maji huumwa kichwa, hukasirika upesi na huamua polepole. Simama kila baada ya saa moja na nusu hivi, unywe maji na kunyoosha mgongo.

Usingizi hauzuiliwi na miraa wala muguka. Majani hayo huficha uchovu; hayauondoi. Yakiisha nguvu, uchovu wote hurudi kwa pamoja, pengine katikati ya kona. Pombe sitaizungumzia kwa urefu, ila ieleweke kwamba huharibu uamuzi kabla ya kuharibu mwendo. Ndiyo maana mlevi hujiona yu sawa.

Soma pia karatasi ya dawa. Dawa za mafua na mizio kama Piriton huleta usingizi. Dawa za kutuliza wasiwasi hali kadhalika. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asipande pikipiki kabla ya kula. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kwanza. Na kama usiku unaona taa za magari zimetawanyika kama nyota, nenda ukapimwe macho.

HABARI YA KOFIA

Mwezi Mei 1935, Mwingereza mashuhuri T. E. Lawrence alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumbani kwake, Dorset. Barabara ilikuwa na bonde dogo, na hakuwaona mapema vijana wawili wa baiskeli. Aliwakwepa, akaanguka, akapasuka kichwa. Hakuwa na kofia. Alikufa siku ya sita, akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki na faida ya kofia ngumu, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha wajumbe wake wa pikipiki kuivaa. Raia wa Uingereza walilazimishwa na sheria mwaka 1973.

Tafiti zilizokusanywa tangu hapo zinaonyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini lazima iwe imefungwa. Helmeti iliyoning'inia kwenye usukani inalinda usukani. Ukanda ukaze kiasi cha kupita vidole viwili chini ya kidevu. Iliyowahi kugongwa kwa nguvu itupwe, hata kama kwa nje haina ufa.

Abiria wengi hukataa helmeti ya bodaboda kwa kuogopa chawa na mba. Hofu hiyo naielewa. Beba kitambaa safi au kofia nyepesi ya kuvaa ndani yake. Mba hutibika kwa wiki chache.

IKITOKEA MTU AMEANGUKA

Kwanza zuia magari, ndipo umfikie. Piga 999 au 112. Asiyepumua vizuri ndiye wa kwanza kuhudumiwa, si anayepiga kelele. Anayepumua vizuri usimvue helmeti; fungua ukanda na kioo tu. Asipopumua, watu wawili waivue, mmoja akishika shingo isitikisike. Aliyezimia lakini anapumua, mgeuzeni ubavu kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, asije akasakamwa na matapishi.

Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara kutazama. Mfupa uliotokeza usirudishwe ndani. Ufunike, uuzuie usicheze kwa ubao au kwa kufunga mguu na mguu mwenzake. Usimpe chai wala maji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Na msimkunje kumpandisha kwenye pikipiki nyingine. Subirini gari atakamolazwa.

Jambo la mwisho ndilo linalotupokonya watu bure. Kijana anaanguka, anazimia kidogo, anaamka, anajifuta vumbi, anacheka na wenzake. Anakwenda kulala, asubuhi haamki. Damu ilikuwa ikikusanyika polepole kati ya fuvu na ubongo. Yeyote aliyepigwa kichwa akazimia hata dakika moja, au akaanza kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kusinzia au kusema ovyo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Makindu iko kwenye barabara kuu, Wote na Kitui zina hospitali za rufaa za kaunti. Usingoje kupambazuke.

WEWE ABIRIA

Nawe unayelipa nauli una sauti. Kusema "punguza, ndugu yangu, sina haraka" si dharau. Mama, funga leso na nguo ndefu zisiingie kwenye cheni au gurudumu. Weka mguu mbali na ekzosi. Ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno. Mwendeshaji akikataa kupunguza, shuka ulipie ulipofika. Ni hasara ndogo kuliko zote nilizozitaja leo.

Kuchelewa si kukosa. Hadi wiki ijayo, fikeni salama.